Ayub Ogada hakuwa "yule msee wa Kanye"

Wasee, hii kitu imenichosha. Kila nikitaja Ayub Ogada hapa Isiolo, kuna mtu lazima aseme, "Aah, yule msee wa Kanye." Hapana. Kanye West alitoa "Yikes" Juni 2018, ndani yake akaweka kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi ya miaka ya 1970. Ayub na James Mbarack Achieng wakaandikwa kati ya watunzi. Stori ya Kanye inaishia hapo. Sasa mtu ameishi zaidi ya miaka sitini, nyinyi mnamkumbuka kwa dakika tatu za ngoma ya mtu mwingine?

Jamaa alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, jina lake Job Seda. Wazazi walikuwa wanamuziki, na akiwa mtoto aliishi nao Marekani walipoenda kusoma. Akarudi Kenya, akakua, akaingia Black Savage. Hebu fikiria Nairobi hiyo: vijana Wakenya wanapiga roki, uhuru bado haujamaliza miaka kumi na tano, na wazee pengine wanauliza hizo kelele ni za nini. Mimi hiyo bendi naipenda. Lakini aliyoyafanya baadaye ndiyo nataka muyasikie, kwa sababu leo mngemcheka.

Alishika nyatiti.

Kwa wale hawajawahi kuiona: ni ala ya Wajaluo, nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kwa kigoda kifupi. Vidole viko kwa nyuzi. Kwa kidole cha mguu anavaa pete ya chuma, na hiyo pete inagonga ukingo wa ala kama ngoma. Mguuni kuna njuga. Juu ya hayo yote anaimba. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima, na wewe unaniambia ni kitu ya kushosho.

Mwaka wa 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band, iliyotoka kwenye jumba la sanaa la Joseph Murumbi (ndiyo, yule aliyekuwa makamu wa rais) na Alan Donovan. Akaigiza pia, yuko ndani ya "Out of Africa" ya 1985. Mwaka wa 1986 akaenda Uingereza. Huko hakupokelewa na zulia jekundu. Alipiga nyatiti kwa vituo vya treni za chini ya ardhi London, watu wakimpita na mifuko yao ya kazi. Kutoka hapo watu wa WOMAD, tamasha la Peter Gabriel, wakamchukua. Mwaka wa 1993 akatoa albamu "En Mana Kuoyo" kwa lebo ya Real World, na "Kothbiro" iko ndani, safari hii kwa nyatiti. Mwaka wa 2005 hiyo ngoma ikasikika kwa filamu "The Constant Gardener". Filamu yenyewe ilipigwa Kibera na pia Loiyangalani, hapa hapa kaskazini kwetu. Ni miaka kumi na tatu kabla ya Kanye. Mlikuwa wapi?

Najua jibu lenu: "Vitu vya asili havilipi." Mjapani mmoja, Eriko Mukoyama, alikuja mpaka Siaya kujifunza nyatiti, akaitwa Anyango, na sasa anaipiga kwa majukwaa ya nje. Yeye aliona kazi mahali wewe unaona aibu. Na sisemi kila mtu atupe kompyuta akatafute nyatiti. Isiolo tuna Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru, wote ndani ya mji mmoja. Kaban ya Wasomali iko hapa, na sauti za Wasamburu hazihitaji hata ala. Halafu kijana anaingia studio kutafuta midundo ya Lagos ya kupakua bure. Warya, kweli?

Jibu la pili huwa: "Watu wanalipia mwimbaji, si mpigaji." Hili ndilo linanikasirisha zaidi. Nina rafiki anapiga kinanda kwa harusi. Anabeba mashine yake kwa bodaboda, anafika mapema, anapiga mpaka usiku. Juzi mwimbaji alilipwa, yeye akapewa pilau na "tutaongea". Kwa bango la shoo jina lake halikuwepo, lakini jina la mwenye viti na hema lilikuwepo! Zima hicho kinanda katikati ya harusi uone kama kuna mtu atabaki akicheza. Mtamlilia mwimbaji wenu aendelee peke yake? Mtaanza kutafuta viatu.

Ayub alipata jina lake kwa hizo karatasi za Kanye kwa sababu kazi ilikuwa na wenyewe wanaojulikana. Huku kwetu mnarekodi, faili inatumwa kwa WhatsApp, na nani alipiga nini hakuna anayeandika. Kazi inasajiliwa KECOBO, na unafanya hivyo mtandaoni. PRISK ilianzishwa kwa ajili ya watumbuizaji, na mpigaji ala ni mtumbuizaji kama mwimbaji. Malalamiko kuhusu pesa za hivi vyama nayajua, na mengi ni ya haki. Lakini huwezi hata kulalamika kama jina lako haliko mahali popote.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msiniambie habari ya wasomi na sheria zao. Ni karatasi moja: jina la ngoma, nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga, kila mtu anachukua asilimia ngapi, sahihi, tarehe. Andikeni kabla studio haijawashwa, kwa sababu ngoma ikishavuma kila mtu anakuwa mtunzi.

Ayub alirudi Kenya, akafariki tarehe 1 Februari 2019 upande wa Kisumu. Wiki hiyo simu zilijaa picha zake, na chini ya nyingi waliandika jina la Kanye. Leo usiku tafuta "En Mana Kuoyo", vaa earphone, sikiliza kutoka mwanzo. Halafu wewe mwenye harusi ya Jumamosi, mpigaji wako wa kinanda ana jina. Liandike kwa bango, na umlipe kabla hajafunga mashine.