Wikiendi ya kusoma: watoto wetu wanataka kitabu, hawataki hotuba



Nianze na kisa cha nyumbani kwangu, maana maoni yangu yote yametoka hapo.

Mama yangu anaishi nasi hapa Maskati. Amepita miaka 80. Ujana wake Unguja alikuwa msomaji hasa, wa kusoma huku chungu kiko motoni mpaka wali ukaungua. Sasa macho yamechoka. Miwani haimsaidii tena, na vitabu vyake vimekaa kabatini miaka, havifunguliwi.

Binti yangu ana miaka 15. Kiarabu anasoma, Kiingereza anasoma, tena upesi kuliko mimi. Kiswahili anacho, lakini cha jikoni: njoo, kula, lete, funga mlango. Kukisoma kwenye karatasi, hajawahi. Basi mazungumzo ya hawa wawili kutwa nzima yalikuwa hivi: "Umekula?" "Nimekula, bibi." "Umesali?" "Nimesali." Yanakwisha hapo. Wanapendana, wallahi, lakini hawakuwa na la kusemezana.

Na sisi wazazi tulifanya nini? Tulihubiri. Mkataa kwao mtumwa, tukawaambia. Lugha ya bibi zenu hiyo, msiiache. Watoto walisikiliza kwa adabu, wakasema "naam, mama", wakarudi kwenye simu zao.

Kilichobadilisha mambo ni wikiendi moja ya kusoma.

Shoga yangu mmoja ndiye aliyeleta wazo. Familia nne, nyumba moja, tangu Ijumaa baada ya Alasiri mpaka Jumamosi baada ya Isha. Kila mtu aje na kitabu anachokitaka. Simu zote kwenye kapu mlangoni. Hakuna mtihani, hakuna zawadi, hakuna kuulizwa "umefika ukurasa wa ngapi?" Unasoma, ukichoka unalala, ukiamka unaendelea. Jamaa zetu wa Dubai walifika Ijumaa usiku baada ya kuendesha gari saa tano na foleni ya mpakani, maana wao tangu 2022 wikiendi yao ni Jumamosi na Jumapili. Wakakuta majlisi imejaa mito, dele la kahawa, halwa, tende, mandazi, na watu wamelala kifudifudi na vitabu mikononi. Mmoja akauliza, "Kuna mgonjwa?"

Nakubali, mwanzoni hata mie niliona ni mambo ya kuiga. Nilikuwa nimesikia kwamba kule New Bedford, Marekani, kila Januari watu hukusanyika kwenye makumbusho ya uvuvi wa nyangumi wakasoma kitabu kizima cha Moby-Dick kwa sauti, kwa kupokezana, usiku na mchana, kwa saa 25 hivi. Nikasema, hao hawana kazi.

Lakini hebu tufikiri. Sie ni watu wa khitma. Tunakaa duara, kila mmoja anachukua juzuu yake, na kwa kikao kimoja msahafu wote umesomwa. Sie ni watu wa maulidi, ambapo mmoja anasoma, anampokeza mwenzake, na wengine wanaitikia. Sitaki mtu aniambie nafananisha Kitabu cha Mwenyezi Mungu na hadithi za watu. Hasha. Ninachosema ni kwamba kukaa pamoja, kusoma kwa sauti na kupokezana hatukufundishwa na mgeni. Tunakujua tangu utotoni. Tulichokosa ni kukufanya na vitabu vyetu vya Kiswahili, kwa raha, na watoto wakiwemo.

Sasa nirudi kwenye usiku ule wa Ijumaa. Baada ya chakula mama yangu alisema kwa sauti ya chini, "Na mie mwanisomea nani?" Tukatazamana. Binti yangu alikuwa karibu yake. Nikamtolea kabatini Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, cha Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum. Nikamwambia, jaribu ukurasa mmoja tu.

Alianza kama mtu anayetembea kwenye kokoto bila viatu. Maneno aliyatamka kama Kiingereza, akasimama, akarudia. Bibi akamrekebisha. Ukurasa wa pili ukaenda. Wa tatu, bibi akamkatiza: "Neno hilo wajua maana yake?" Hakujua. Akaelezwa, tena kwa mikono na macho, na watoto wengine wakasogea. Bibi alikuwa ameshakisoma kitabu kile mara nyingi na anamjua mkosaji, lakini hakusema. Watoto wakaanza kubahatisha, huyu kaua, hapana yule, na bibi anatabasamu tu. Saa saba za usiku ndipo nilipowazima taa, na binti yangu akanung'unika. Miaka 15 nimemlea, sijawahi kumsikia akinung'unika kwa sababu ya kitabu cha Kiswahili.

Kama yangeishia hapo, ningekuwa na kisa kitamu cha kuwahadithia na basi. Lakini Jumamosi ilikuwa na yake.

Kijana mmoja wa miaka 17, mtoto wa ndugu yangu, alikuja na Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1978. Aliokifahamu wanajua. Ni kisa cha bwana shamba wa Unguja kabla ya mapinduzi, na watumishi wanaoteseka mikononi mwake, hasa Kijakazi. Bwana shamba huyo ni Mwarabu, na kitabu hakimhurumii hata kidogo. Kijana akasoma kwa sauti, na majlisi ikaanza kunyamaza. Ami yetu mmoja, mtu mzima, aliyekuja hapa Oman katika miaka ile ya baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita watu wa nje warudi, akakunja uso. Mwisho akasema, "Funga hicho. Kitabu hicho kinatutukana."

Kijana hakukifunga. Akauliza, tena kwa heshima kabisa: "Ami, ilikuwa kweli? Na sisi tulikuwa na watu kama Kijakazi?"

Nawaambia kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Ami akainuka, akatoka. Tukadhani kaondoka. Kumbe kaenda kutawadha. Akasali, akarudi, akakaa pale pale, na akazungumza karibu saa mbili. Alitaja shamba la mikarafuu la babu yake. Alimtaja mtoto wa mchumaji karafuu aliyekuwa akicheza naye mchana kutwa, na ambaye hata siku moja hakuketi naye kula sinia moja. "Sikupata kuuliza kwa nini," akasema. Kisha akaeleza ule usiku wa Januari 1964 na siku zilizofuata, na ndugu zake ambao hakuwaona tena. Yote hayo mkewe aliyajua nusu tu. Wanawe hawakuyajua kabisa.

Ami hakukubaliana na kitabu, na mpaka leo hakubaliani nacho. Anasema mwandishi ameona upande mmoja. Mie mwenyewe kuna kurasa nazikubali na kuna kurasa nazibishia. Lakini siku ile niliona jambo ambalo sijaliona katika mihadhara yote ya kulinda lugha niliyohudhuria. Watoto kumi walikaa saa mbili wakisikiliza Kiswahili kizito, cha karafuu na majamvi, cha hofu na majuto, na hakuna aliyekwenda kwenye kapu la simu. Walielewa kila neno? La. Lakini walielewa kwamba lugha hii si ya "lete maji" tu. Ndani yake mna habari zao.

Basi maoni yangu ni haya. Lugha yetu ughaibuni haitabaki kwa kuwalaumu watoto, wala kwa kuadhimisha tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kwa picha za Watsap. Itabaki ikiwa ina raha ndani yake na ina ukweli ndani yake, na kitabu kinachosomwa pamoja kina vyote viwili.

Najua watu watanijibu nini, maana wameshanijibu.

Wa kwanza anasema: watoto wana mitihani, wanahitaji Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili kitawapa kazi gani? Namwambia, wikiendi moja katika miezi miwili au mitatu haiwezi kumfelisha mtoto. Tena anayesoma kwa raha katika lugha moja haogopi kitabu katika lugha nyingine. Kijana mmoja pale kwetu alikuwa na Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiingereza, baba yake ana Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili aliyoifanya Ida Hadjivayanis na ikatoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Walisoma sambamba, wakibishana neno hili limetafsiriwa vipi. Sijui darasa gani lingewapa somo lile.

Wa pili anasema: vitabu hatuna. Hili ni kweli kiasi. Maduka ya hapa hayajazi rafu zao riwaya za Kiswahili. Lakini kila wiki kuna mtu wetu anatoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, na sanduku lake lina pweza mkavu, pilipili na vitenge. Muombe nafasi ya vitabu viwili. Vuta N'kuvute vijana wanakipenda kwa kuwa wengine wameshaona filamu yake ya mwaka 2021. Kuna Kiu na Nyota ya Rehema za Mohammed Suleiman Mohammed, kuna Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Hivyo vichache vinatosha mwaka mzima.

Wa tatu ndiye mzito. Anasema: kwa nini tuwasomeshe watoto vitabu vinavyotuumiza? Tuchague vya kuchekesha tu. Huyu namuelewa, maana wako waliozika watu. Sisemi tuanze navyo, wala sisemi mzee alazimishwe kukaa. Lakini watoto wetu watakutana na habari hizi, tutake tusitake, chuoni au kwenye simu usiku wa manane, na pale hapatakuwa na ami wa kuwaambia "hapa kweli, hapa sivyo, na hapa mie nilikuwepo." Mtoto akisoma peke yake atachagua kuona haya au kukasirika. Akisoma nasi, ana njia ya tatu, nayo ni kuuliza.

Kama tunaona aibu ya kusoma na kuandika yetu wenyewe, tukumbuke Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kwao wasichana walifunzwa kusoma tu. Kuandika akajifunza mwenyewe kwa siri. Kumbukumbu zake zikachapwa Ujerumani mwaka 1886, na mpaka leo watu wa dunia nzima wanamsoma yeye kutaka kujua majumba yetu yalikuwaje. Aliyaandika, ndiyo maana yamebaki. Ya ami yangaliweza kwenda naye kaburini.

Ukitaka kujaribu, usifanye makubwa. Familia mbili zatosha. Anza na saa tatu za Ijumaa jioni. Chagua kitabu chenye kisa cha kuvuta, si cha mawaidha. Asome mtoto, arekebishe mzee, na mzazi wa katikati anyamaze, maana sisi wa katikati ndio tunaoharibu kwa kugeuza kila kitu shule. Acha watu walale, wale, wacheke. Chai isikatike. Na neno gumu likitokea, aulizwe mkubwa kabla ya kuulizwa simu.

Kwetu sasa tumefanya mara nne. Ami huja, na safari ya mwisho alikuja na kitabu chake mwenyewe mkononi. Binti yangu bado anasoma polepole. Juzi Jumanne, siku ya shule, nilipita mlango wa chumba cha bibi yake baada ya Magharibi nikasikia sauti. Nikasimama. Walikuwa Kisima cha Giningi, na bibi anamwambia, "Usiruke! Rudia hapo."

Sikuingia. Nikaenda kupika, na siku hiyo wali ulioungua ulikuwa wangu.