Fungu la Kumi na Tano

Mwezi wa Februari mwaka 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda, chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, ambao aghalabu hukumbukwa kwa habari za ulinzi wa taifa na hila za adui wa nje. Walakini huko viwandani fungu lililosomwa kwa shauku kuliko yote lilikuwa la kumi na tano, lililomkataza kiongozi takaburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi walilishika fungu hilo kama mtu ashikavyo hati ya shamba lake. Katika migomo ya Dar es Salaam iliyofuata, hadi mwaka 1973, mara nyingi lililodaiwa halikuwa nyongeza ya ujira bali meneja aliyetukana watu aondolewe. Na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wafanyakazi walikikalia kiwanda na kuendesha kazi wenyewe.

Wapo wasemao kwamba fungu lile liliharibu nidhamu, na sikatai kuwa mvivu naye alipata ngao ya kujikingia. Lakini mwaka mmoja kabla ya Mwongozo, waraka wa Rais ulikwisha kuagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe mahali pa kazi, nayo yalipewa ruhusa ya kushauri, si ya kuamua. Na ushauri usiojibiwa, hata ukitolewa kwa adabu na taadhima zote, humfunza mtu kuwa mkubwa wake hasikii mpaka mitambo isimame. Somo hilo waliolifunza ni mameneja wenyewe.

Hasara ya dharau haionekani katika daftari la mapato, na ndiyo maana wakubwa wengi huidhania kuwa jambo la hisia tu. Fundi aliyefokewa mbele ya vibarua kwa sababu alisema mtambo unanguruma vibaya, mara ya pili atausikia mngurumo ule ule na kuufumba moyoni, hata siku mtambo utakapokatika. Hapo meneja atauliza kwa ghadhabu kwa nini hakuambiwa, na wote watatazama chini. Hakuna aliyemhujumu. Watu walimwachia tu ujinga alioununua mwenyewe, na (niseme wazi) simwonei huruma. Nyongeza ya mshahara, ijapokuwa ni haki pale inapostahili, haimrudishii fundi yule ulimi wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka taratibu za nidhamu na za kuachishwa kazi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kupokea mashauri. Ni neema kubwa, ila shauri likifika huko insafu ya kazini imekwisha kushindwa, na wahusika wamekuwa mahasimu. Kwa hiyo bodi inayokaa kumhoji meneja kuhusu faida na hasara ya mwaka ingefaa imtake pia alete daftari la manung'uniko: lini kila moja lilipokewa, nani alilijibu, na baada ya siku ngapi, na akija na daftari tupu, akijisifu kwamba kwake hakuna anayelalamika, waache hesabu za fedha kwanza, wakazungumze na mafundi bila yeye kuwapo.