Kiswahili cha Ngiri na Kiswahili cha Watu

Tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tulialikwa katika shule moja hapa Uganda kushuhudia sherehe. Watoto walikuwa wamevaa sura za simba zilizochorwa juu ya makaratasi, na mmoja wao, mnene kidogo kuliko wenzake, alikuwa amefungwa meno ya ngiri. Wakaimba, kwa lafudhi ya Kimarekani, wimbo wa "Hakuna Matata" uliomo katika filamu ya The Lion King. Mgeni wa heshima akapiga makofi, walimu wakapiga makofi, na sisi, tusijitie usafi tusiokuwa nao, tukapiga makofi vilevile. Haya ilitujia baadaye, njiani kurudi nyumbani. Makala haya ni malipo ya makofi yale.

Yafaa tuseme mapema kwamba sisi si wahakiki wa sinema. Hatujui kamera inavyoshikwa, wala hatuwezi kumfundisha mtu namna ya kuigiza. Sisi ni watazamaji wa kawaida, wa Jumamosi jioni, ambao tangu utotoni tumetazama chochote kilicholetwa: katika vibanda vya video vyenye mabenchi na pazia jeusi, katika televisheni ya jirani, na siku hizi katika simu ya mkononi. Lakini mwalimu wa lugha hata akipumzika, sikio lake halipumziki. Kila Kiswahili kinaposikika katika filamu, twajikuta tukiuliza: ni nani aliyepewa maneno haya, na amepewa ayaseme nini?

Tuanze na filamu iliyopigwa katika nchi yetu wenyewe. The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, ilipigwa kwa sehemu Uganda na kwa sehemu Kongo, na kisa chake ni cha mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki. Kila mwalimu wa somo letu anajua kwamba Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala wao na katika shule zao. Mtazamaji huambulia nini cha lugha hiyo? Mwanzoni kabisa wanakijiji wamekusanywa kanisani kuimba, na waimbacho ni mvumo tu, kelele isiyo na neno la kushikika, ili tuwaonee huruma Wazungu wawili wanaohangaika kuwaongoza. Kisha kijiji chachomwa moto, wanakijiji watoweka, na hadithi yaendelea bila ya wao. Sisi tulicheka tulipoitazama mara ya kwanza. Mashua ile kuukuu na watu wake wawili wagomvi bado twawapenda, hatuwezi kulikana hilo. Lakini twajua sasa kwamba tulicheka mahali ambapo tulitakiwa kucheka.

Miaka 11 baadaye Howard Hawks alitoa Hatari!, filamu iliyopigwa Tanganyika, ambamo John Wayne na wenzake hukamata wanyama wa porini kwa ajili ya bustani za wanyama za nchi za nje. Humo Kiswahili kimepanda cheo hadi kuwa jina la filamu, tena kwa alama ya mshangao. Baada ya jina kikashuka. Tembo wachanga wana muziki wao ambao watu huupiga filimbi mpaka leo; ama wale Waafrika wanaokimbia kando ya magari na kushika kamba, tulipomaliza kutazama tulijaribu kumkumbuka hata mmoja kwa jina, tukashindwa. Out of Africa ya mwaka 1985, iliyotunukiwa Oscar saba, tutaipita upesi: humo Kiswahili ni cha jikoni na cha shambani, lugha ya kupokea maagizo, na mandhari ni mazuri mno.

Basi tumfikie ngiri. Filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, waliyoitunga walifungua kamusi, na tuwape haki yao kwamba walau waliifungua. Simba akaitwa Simba, nyani akaitwa Rafiki, malkia akaitwa Sarabi, neno zuri lenye maana ya mazigazi. Ngiri akaitwa Pumbaa. Na fisi mmoja, tena jike lenye domo, akaitwa Shenzi. Hapo ndipo tunapotaka wenzetu watue kidogo. Neno hili halikuwa likilala kamusini bila ya historia. Lilitumiwa na watu wa pwani kuwadharau watu wa bara, kisha likachukuliwa na walowezi wakalitumia kwa kila Mwafrika aliyekosa kuwapisha njia. Babu zetu waliitwa hivyo wakiwa wamesimama wima. Leo mtoto wa darasa la nne anatuambia kwa furaha kwamba anajua maneno sita ya Kiswahili, na la tatu katika hayo ni hilo.

Kuna wenzetu ambao ghadhabu yao imeelekea kwingine. Wengine huwaambia wanafunzi kwamba "hakuna matata" si Kiswahili. Wamekosea. Neno matata ni la kawaida Kenya, na Kongo lina nguvu hata zaidi. Kwamba Mtanzania angesema "hamna shida" hakulifanyi kuwa la Kimarekani. Wengine walipandwa na hasira mwaka 2018, ilipoenea habari kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imeyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara, maombi yakiwa ya mwaka 1994 na usajili ukikamilika mwaka 2003. Maelfu ya watu wakatia sahihi kuipinga kampuni. Sisi hatukutia. Usajili ule wahusu fulana na bidhaa. Haukumzuia mtu yeyote kufumbua kinywa. Aliyeyafanya maneno mawili yawe Kiswahili kizima, katika siku ya Kiswahili, mbele ya mgeni wa heshima, hakuwa Disney. Alikuwa mwalimu. Nyani haoni kundule.

Lakini kicheko cha ngiri si ugonjwa mkubwa katika nchi yetu. Upo mwingine. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ilipigwa kwa sehemu kubwa hapa hapa Uganda, naye Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, alipata Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Aliistahili. Tulipoitazama mara ya kwanza, katika chumba kilichojaa watu wazima, hakuna aliyegugumia wala kukohoa. Na kila Kiswahili kilipomtoka yule mtu mkubwa mwenye magwanda, tuliona mabega ya wazee yakiinuka kidogo. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Askari wake walikisema vizuizini, usiku, wakitaka vitambulisho. Filamu haikusema uongo. Ilichosahau, nasi hatukuwapo chumbani mle kukisema kwa sauti, ni kwamba jeshi la Tanzania lililoingia Kampala mwezi wa Aprili 1979 na kumaliza utawala ule lilisema Kiswahili pia. Waliotesa na waliokomboa walitumia vitenzi vilevile. Lugha haina magwanda. Lakini nani atamwambia hayo mtoto ambaye filamu zimempa Kiswahili cha namna mbili tu, cha mnyama wa kuchekesha na cha askari wa kutisha? Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vyema. Hofu haiondolewi kwa waraka.

Hapo wenzetu wenye msimamo mkali hunyanyuka na kusema: ndiyo sababu filamu zisiingie darasani kabisa! Zinapotosha, zinaharibu lugha, zinapoteza wakati wa sarufi. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na twaikataa kwa nguvu zetu zote. Mtoto anatazama filamu hata kama sisi tumefumba macho. Swali ni kama atatazama zile tu ambazo lugha yetu imewekwa kama ua la kupambia, ama ataonyeshwa pia zile ambazo watu huishi ndani yake.

Maana zipo. Mwaka 2012 Wakenya walitoa Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Kijana Mwas anauza filamu kijijini na kuziigiza mbele ya wateja. Anatamani kuwa mwigizaji. Anapanda basi kwenda Nairobi, anaporwa siku ileile, anafungwa, na huko ndani anapata marafiki ambao kazi yao ni kuiba vipuri vya magari. Kiswahili chake si sanifu. Kimechanganyika na Sheng, na Kikuyu, na Kiingereza, na tunajua kwamba mwenzetu fulani ameshaishika kalamu nyekundu. Aiweke chini kwanza. Katika filamu hiyo kijana anatania, anaomba, anadanganya, anajuta, anaomboleza, na vyote hivyo kwa lugha ambayo mwanafunzi wetu hudhani ni ya kuamrisha tu. Imo mikasa ya damu na ya vyumba vya kulala isiyofaa kwa watoto, nasi hatuwaonyeshi hiyo. Mwalimu anayejua kuchagua kifungu cha riwaya anajua kuchagua kipande cha filamu. Tulichagua pale Mwas anapofika mjini. Wanafunzi wa kidato cha tatu walibishana nusu saa nzima, kwa Kiswahili kibovu kilichotufurahisha mno, kama alikuwa mjinga au mwaminifu.

Ipo na Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kuteuliwa na Tanzania kuiwakilisha katika kushindania Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo wengi wetu tumeisoma: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mwenye umri mkubwa, anatoroka ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza, katika Unguja ya miaka ya 1950. Filamu yaenda polepole, na yeyote aliyeipenda riwaya atalalamika kwamba mengi yameachwa. Sisi tulilalamika. Kisha tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa tukisikiliza. Kiswahili sanifu tunachokifundisha huku bara kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, nasi tumekifundisha kwa miaka bila ya wanafunzi wetu kukisikia kikisemwa na watu wanaopendana au kuogopa kukamatwa. Wamekijua kama ngeli na minyambuliko, mifupa bila ya nyama.

Tuliitazama katika nyumba ya rafiki yetu mmoja, ambaye mama yake ni mzee sana. Mama huyo hakukaa nasi. Alikuwa upande wa jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Filamu ilipofika katikati alikuja akasimama nyuma yetu, akatazama kwa muda, kisha akatuuliza kwa lugha yake: "Walimu, hao ni askari wa nani?" Tukamwambia, mama, hao si askari, ni raia, ni watu wa Unguja tu, huyo dada ametoroka kwa mumewe. Akatazama tena. Akauliza kama na huyo dada anasema Kiswahili. Tukasema ndiyo, wote wanasema. Akavuta kigoda, akakaa, akataka tumfasirie.

Na kufasiri, ndugu walimu, ni jambo ambalo nchi yetu imelijua kuliko sisi wenye vyeti. Katika vibanda vya video vya Kampala wapo wale wanaoitwa vijee, ambao hukaa na kipaza sauti na kuigeuza filamu ya Hong Kong au ya Marekani kuwa ya Kiganda wakati uleule inapoendelea. Hawafasiri neno kwa neno. Wanasimulia, wanawatania wahusika, wanamwonya shujaa kabla hajapigwa. Wasomi wamewacheka. Lakini mtu analipa ili awasikie, na anatoka akisimulia kisa chote. Ni mwanafunzi gani wetu ametoka darasani akisimulia jambo lolote? Twapendekeza bila ya aibu kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe dakika tano za filamu, sauti izimwe, naye ashike kipaza sauti na kuisema kwa Kiswahili. Tumejaribu. Mara ya kwanza ilikuwa balaa tupu. Mara ya tatu mvulana mmoja mwenye kigugumizi cha aibu alimwambia John Wayne, kwa upatanisho wa ngeli usio na kosa, kwamba kifaru kile kina mama yake na mama yake yuko nyuma ya gari.

Mwenzetu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya ametukumbusha kwamba mtihani hauulizi filamu. Ni kweli, hauulizi. Ametuambia pia kwamba mwakani, katika sherehe ya tarehe 7 Julai, shule yake imekwisha kununua rangi na makaratasi ya kutengenezea sura za simba. Tumemwomba asiyatupe, kwani rangi ni ghali. Watoto wanaweza kuchora jahazi, na mitaa ya Unguja, na basi la Nairobi. Jumamosi ijayo tutaonyesha nusu iliyobaki ya Vuta N'kuvute nyumbani kwa rafiki yetu yule, na mama ameshauliza mara mbili kama yule dada alirudi kwa mumewe. Mwenzetu naye amekaribishwa. Aje mapema, viti ni vichache.