Muulizeni Kalasinga

Kwa majirani zangu wa Kericho na Makindu, na kwa Kalasinga wenzangu, yaani Masikh, mliobaki nyumbani,

Nina neno la kuwaambia nyote, wenye vilemba na wasio navyo, na limetokana na mazungumzo yangu na kijana mmoja ndani ya basi la Soho Road, huku Birmingham.

Alinisikia nikizungumza kwa simu na rafiki wa Kericho. Nilipokata, akanigeukia: “Mzee, hicho Kiswahili umekitoa wapi?” Yeye ni Mrundi wa Buyenzi, kule Bujumbura, na ni Mwislamu. Nikamweleza kwamba nimezaliwa Kericho, alikozaliwa pia Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Jina hilo hakuwahi kulisikia. Akatulia kidogo, kisha akauliza kwa adabu: “Samahani, mzee wangu. Nakaa karibu na hekalu lenu, nawaona mnakisujudia kitabu. Ndicho mnachokiabudu?”

Moyo wangu ulifunguka. Nilikulia Kenya, nikafanya kazi huko, na watu waliniuliza kila kitu: bei ya mbao, giaboksi iliyogoma, lini geti litakuwa tayari. Tuliheshimiana na kuzikana. Swali kama hili sikumbuki kuulizwa.

Nikamjibu kwamba tunamwabudu Mungu mmoja, asiye na sanamu, asiyezaliwa wala kufa. Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, ndiye aliyeanza kutufundisha, na baada yake wakafuata Maguru tisa. Wa mwisho wao, Guru Gobind Singh, alipokaribia kufariki mwaka 1708, aliagiza kwamba baada yake hatakuwapo Guru mwingine mwanadamu, bali Kitabu chenyewe, Guru Granth Sahib. Kwa hiyo tunakiinamia kama mwalimu wetu aliye hai. Alfajiri kinafunguliwa chini ya chandarua cha kitambaa kizuri. Usiku kinafunikwa kwa shuka safi, kinabebwa kichwani, kinapelekwa kupumzishwa katika chumba chake.

Akawa ananisikiliza tu. Ndipo nikamwambia kwamba ndani ya kurasa zake 1,430 mna tungo za Sheikh Farid, sufii wa Punjab. Akanikazia macho. “Mwislamu? Ndani ya kitabu chenu?” Ndiyo, Mwislamu. Mna na za Kabir, mfumaji wa nguo, na za Ravidas, mtu wa kazi ya ngozi, ambaye kwa mila za tabaka za zama zake alihesabiwa najisi. Tunapoweka paji la uso chini, tunayainamia maneno ya watu hao pia. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika dini yangu, na ningependa mlijue kabla hamjajua lolote jingine kutuhusu.

Akauliza habari za kilemba. Nikamweleza kwamba nywele hatukati, tunaziacha kama alivyozitoa Muumba, na kilemba ndicho heshima ya nywele hizo. Ni kitambaa cha mita kadhaa. Asubuhi mke wangu hushika ncha moja, mimi nashika nyingine, tunakivuta na kukikunja kwa urefu. Asipokuwapo nakifunga kwenye kitasa cha mlango. Kisha naibana ncha moja kwa meno na kukizungusha tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiachia ya chini yake ionekane kidogo. Nikamnyooshea mkono aione kara, bangili ya chuma tupu, isiyo na thamani ya kuuzwa, inayovaliwa na tajiri na kibarua sawasawa. Kirpani, kile kisu kidogo, nilimgusia tu: huvaliwa na aliyekula kiapo cha Khalsa, jumuiya ya waumini wetu waliojitoa, iliyoanza mwaka 1699, na inamkumbusha wajibu wa kumtetea anayeonewa. Kituo chake kikafika, akanipa mkono, akashuka.

Lakini kuna watu wasiouliza. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya New York, Kalasinga mwenzetu Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi na kufa nje ya kituo chake cha petroli huko Mesa, Arizona. Muuaji aliona kilemba na ndevu, akaamua mwenyewe huyu ni nani. Kwetu Kenya, namshukuru Mungu, hakuna chuki ya namna hiyo. Lakini hata kwa wema tumeishi bila kufahamiana, na sehemu kubwa ya lawama naiweka kwetu Kalasinga.

Tazameni Makindu. Gurudwara ya pale, yaani hekalu letu, ilijengwa mwaka 1926 na wazee wetu waliofanya kazi relini. Hadi leo msafiri wa barabara ya Mombasa anakaribishwa, anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa chapati, dengu na chai bila malipo wala kuulizwa kabila au dini. Anashukuru, anarudi garini. Kwa nini chakula ni bure, kwa nini matajiri wanaosha sahani za wageni, hayo haambiwi, kwa sababu ibada yetu ni ya Kipunjabi na maelezo yetu mara nyingi ni ya Kiingereza. Kiswahili tumekiachia gereji na soko, ilhali kijana wa Buyenzi ameielewa imani yangu kwa Kiswahili hicho hicho ndani ya safari fupi ya basi.

Kwa hiyo nawaomba, Kalasinga wenzangu: kila gurudwara, kuanzia Kisumu hadi Mombasa, iwe na mtu wa kukaa na wageni baada ya kula na kuwaeleza kwa Kiswahili. Watoto wenu wafundisheni kumweleza jirani kwa lugha hiyo Guru Nanak ni nani. Nanyi majirani, mkipita Makindu msikimbilie gari mara mkishashiba. Kaeni kidogo, mtafuteni mzee mwenye kilemba, mumuulize lolote mlilokuwa mkijiuliza miaka yote. Atafurahi kuliko mnavyodhani.

Ndimi ndugu yenu,
Kalasinga wa Kericho, sasa Birmingham