Uwanja wa Tokyo: mchoro ulishinda, bei ikaja baadaye

Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu katika marathoni ya mashindano ya dunia. Mstari wa kumalizia ulikuwa ndani ya Uwanja wa Taifa wa Tokyo.

Uwanja wenyewe nao ulipatikana kwa tofauti ndogo: pointi 610 kwa 602. Na hiyo ilikuwa raundi ya pili. Shindano la kwanza lilifutwa baada ya mshindi kushafanya kazi karibu miaka mitatu.

Mwaka 2012 Japani iliitisha shindano la usanifu. Hii ni njia halali ya ununuzi wa umma. Sheria ya Kenya ya 2015 inaitaja pamoja na zabuni ya wazi, na Umoja wa Ulaya unayo kanuni yake, inayotaka majaji wasijue majina ya washiriki mpaka watoe uamuzi. Hapa serikali hainunui jengo. Inanunua wazo.

Tokyo walianza kwa kubana mlango. Aliyeruhusiwa kuingia ni aliyewahi kutwaa tuzo kubwa kama Pritzker, au aliyewahi kusanifu uwanja wa watu 15,000 na zaidi. Msanifu kijana mwenye wazo zuri hakuwa na chake hapo. Michoro 46 ikapokelewa, na jopo chini ya Tadao Ando likamchagua Zaha Hadid.

Bajeti iliyotajwa ilikuwa yeni bilioni 130. Lakini mchoro wa shindano ni mchoro tu. Hakuna mkandarasi aliyesaini kwamba ataujenga kwa pesa hiyo. Kufikia 2013 makadirio yaligusa yeni bilioni 300. Uwanja ukapunguzwa ukubwa, bei ikashuka, halafu ikapanda tena hadi bilioni 252 katikati ya 2015.

Wasanifu wa Kijapani, Fumihiko Maki akiwa mbele, walikuwa wameshalalamika kwamba jengo ni kubwa mno kwa eneo lile. Wananchi nao wakaanza kuuliza nani atalipa. Julai 17, 2015, Waziri Mkuu Shinzo Abe akafuta mpango mzima. Kombe la Dunia la Raga la 2019 likakosa uwanja huo.

Ofisi ya Hadid ilisema tatizo si mchoro: gharama za ujenzi Tokyo zilikuwa zikipaa, na wakandarasi walichaguliwa mapema bila ushindani wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Mkandarasi anayejua hana mpinzani hana haraka ya kushusha bei.

Raundi ya pili ikageuzwa. Safari hii msanifu alitakiwa kuja na mkandarasi wake mkononi, na bei isizidi yeni bilioni 155. Dawa hiyo ilitibu bei, ila ikaua ushindani wa mawazo. Kampuni za Japani zenye uwezo wa kazi kama ile zinahesabika, na Hadid alipokosa ya kuungana naye akajitoa. Wakabaki wawili: Kengo Kuma na kampuni ya Taisei, na Toyo Ito na kundi lake.

Michoro yao ikatangazwa Desemba 2015 bila majina, eti A na B. Usiri huo ulikuwa wa kuchekesha. Nchi nzima ilishajua nani ni nani.

Kuma akashinda kwa zile pointi nane, na kilichombeba zaidi ni alama za kumaliza kazi kwa wakati. Baada ya aibu ya 2015 serikali ilitaka usalama, na vigezo vikaandikwa hivyo.

Vigezo hivyo navyo vilikuwa na tundu. Machi 2016 ikabainika kwamba hakuna aliyepanga mahali pa kuwekea mwenge wa Olimpiki, na paa lenyewe lilikuwa limejaa mbao.

Lingine lilikuwa hakimiliki. Ofisi ya Hadid iliona mpangilio wa viti kwenye mchoro mpya unafanana na wake; Kuma akakanusha. Januari 2016 ofisi hiyo ikasema imetakiwa kuachia haki za michoro yake ndipo ilipwe malipo ya mwisho, ikakataa. Kama mkataba wa mwanzo ungeeleza wazi wazo ni la nani pindi mradi ukifa, ugomvi huo usingefika kwenye magazeti.

Hadid alifariki Machi 31, 2016. Uwanja wa Kuma ulikamilika Novemba 2019. Michezo ilipofanyika hatimaye mwaka 2021, mwenge uliwashwa uwanjani kwenye sherehe tu. Siku zote za katikati ulikuwa ukiwaka kwingine, kando ya bahari.