Mileji Kubwa Si Dhambi, Mita ya Uongo Ndiyo Noma

Wasee, tuache kuabudu namba ndogo. Ukipitia yadi za Ngong Road, karibu kila Subaru utaambiwa imetembea kilomita 60,000 tu. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, sawa. Lakini gari ya miaka 7, tena ya spoti, ilikuwa imeegeshwa tu?

Mimi heri WRX STI ya kilomita 150,000 yenye rekodi kuliko ya 60,000 isiyo na karatasi. Injini yake, EJ, hubadilishwa belti ya taimingi karibu na kilomita 100,000. Mita ikirudishwa nyuma, utadhani belti iko poa. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu, injini kwisha, na pesa ya chama pia.

Kwa hivyo itisha karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kusafirisha gari. Linganisha namba ya chesisi na kilomita. Kisha kagua usukani, pedali na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika sana, toka.

Hapa Kibera tunanunua gari kwa jasho la miaka. Muuzaji akificha karatasi, ashakujibu.