Wekundu Usioonekana: Madaktari Wetu Wanafundishwa Ngozi ya Nani?

Katika vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi vinavyosomwa vyuoni kwetu, neno linalotawala ni "wekundu". Pumu ya ngozi ni wekundu. Surua ni vipele vyekundu. Picha nazo huafiki maelezo, kwa kuwa mgonjwa aliyepigwa picha ni mtu mweupe. Kisha mwanafunzi aliyekariri hayo hupelekwa wodini Bukoba, Kisumu au Tanga, akatakiwa autafute wekundu huo juu ya ngozi nyeusi.

Mimi ninafundisha sayansi ya siasa, si tiba. Hata hivyo, kuamua mwili wa nani uwe kipimo cha miili yote ni uamuzi wa kisiasa, na sioni sababu ya kuunyamazia.

Ngozi nyeusi inapovimba au kuwaka, rangi yake mara nyingi huelekea zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu. Anayesubiri wekundu atasema hakuna kitu. Aliyefunzwa vyema hugusa: hutafuta joto, ugumu, mkwaruzo na vinundu vidogo. Anaposhuku surua, huangalia kinywani, ambako madoa madogo meupe ndani ya mashavu hutangulia vipele. Anaposhuku kaswende iliyoenea mwilini, hatazami kifua peke yake; huomba kuona viganja na nyayo. Familia nzima ikijikuna usiku, hukagua upele katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono.

Gharama ya kutojua haya si alama za mtihani. Baka lililopauka, lisilohisi mguso, laweza kuwa ukoma. Dawa yake ipo na hutolewa bure, lakini neva zikishaharibika, dawa hiyo hairudishi ganzi kuwa hisia. Choa nayo, ikidhaniwa kuwa pumu ya ngozi na kupakwa krimu ya steroidi, hutulia muwasho huku kuvu ikiendelea kutambaa na kupoteza umbo lake la duara, hata daktari wa pili asiitambue. Anayelipa ni mgonjwa, kwa nauli, kwa dawa na kwa aibu ya kukimbiwa na majirani.

Nitaambiwa kwamba sayansi haina rangi. Naam, ugonjwa ni uleule. Ila sura yake hubadilika kulingana na ngozi inayoubeba, na kazi ya daktari huanza kwa kuitambua sura hiyo. Nitaambiwa pia kwamba hatuna vitabu mbadala. Mwaka 2020, Malone Mukwende, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini London, alitoa pamoja na wahadhiri wake kijitabu kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Ikiwa mwanafunzi ameweza huko, ambako watu weusi ni wachache, sisi tulio wengi hapa tuna udhuru gani?

Wala utaalamu haujatupita. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kilichokosekana ni utashi wa kuufanya ujuzi huo uwe msingi wa kila mtaala, badala ya kuwa hazina ya wachache waliobobea.

Ninadai mambo matatu. Kwanza, picha za mitihani zifanane na wagonjwa wanaongoja kwenye mabenchi ya zahanati zetu. Pili, hospitali za umma zijenge hazina ya picha, kwa ridhaa ya wagonjwa na bila kufichua nyuso zao, iwe mali ya vyuo vyote. Tatu, wanafunzi wajifunze majina anayoyatumia mgonjwa: choa, mba, mapunye, mkanda wa jeshi. Daktari asiyeielewa lugha ya malalamiko hawezi kuuliza swali la pili.

Enyi watumishi wa umma mnaokaa kwenye kamati za mitaala, hili halihitaji mkopo wa nje. Nanyi wanafunzi, msisubiri kamati. Kila mara mhadhiri anapotamka "wekundu", inueni mikono mumwulize: kwa mgonjwa mweusi, huonekanaje? Akikosa jibu, ombeni muende naye wodini mkalitafute pamoja.